Neno Lililotoka Nyuma

Katika klabu yetu ya baiskeli, ya Wakenya na Wakongo tunaoishi ugenini huku kusini ya dunia, ambako Julai ni baridi na Februari ni joto, aliyekuwa mbele hakuwa na amri ya kuondoka. Mbele aliwekwa yeyote anayeijua njia, mara nyingi mwenyekiti, Mkenya mwenzangu anayesimamia ghala huko St Marys na anayependa kuonekana. Amri ilikaa nyuma, kwa mzee mmoja Mkongo ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Mzee wa Nyuma. Tukisimama penye makutano, hakuna aliyekanyaga pedali mpaka yeye afike, atuhesabu, na atamke neno lake moja: "Bote!" Ndiyo "wote" ya kwao Kivu. Aliyekuwa mbele yake alilipokea akampa aliye mbele yake, nalo likapanda mdomo kwa mdomo mpaka kwa mwenyekiti, ndipo msafara ukaondoka.

Jina lake ninalijua. Silitaji kwa sababu binti yake hajaniruhusu, na mimi sijathubutu kumwomba.

Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nyeusi, nzito, yenye keria kubwa ambayo juu yake aliifunga chupa ya chai kwa mpira wa tairi. Sisi wengine tulikuwa na baiskeli nyepesi ambazo mtu huziinua kwa mkono mmoja na kujisifu. Hakutuonea wivu hata kidogo. Alizijua baiskeli zetu kwa mlio, na siku yangu ya kwanza, kabla hajaniuliza habari, alinisimamisha kwenye maegesho ya stesheni ya Rooty Hill, akachuchumaa.

"Dada, mnyororo yako inalia njaa," akasema, akatoa kichupa cha mafuta mfukoni.

Aliponimalizia akaniuliza swali ambalo alimuuliza kila mgeni: "Nani iko nyuma yako?" Nikamwambia sijui, nimefika sasa hivi, simjui mtu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko kama daktari aliyeona majibu mabaya. Nami ni muuguzi, sura hiyo naijua. Akanieleza kwamba aliye mbele yako hana haja na wewe, amekwisha pita. Wa kumjua ni aliye nyuma. Kisha, kwa kuwa hakuishiwa vituko, akanikataza kabisa kugeuza kichwa nikiwa juu ya baiskeli, maana anayegeuka huanguka.

"Sasa nitamjuaje, Papa?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa namna ya kwao.

"Utamusikia."

Ndivyo alivyotufundisha. Tuliendesha masikio yakiwa nyuma. Kengele yake ilikuwa na mlio mmoja mfupi, wa bati, na kila baada ya dakika chache aliigonga ili tujue yupo. Mwanafunzi mmoja wa Kikenya alipojinunulia kioo cha kufunga kwenye usukani, mzee alikaa asubuhi nzima hasemi naye. Tulipofika kwenye mapumziko akakigusa kile kioo kwa kidole. "Hii ya nini?" akauliza. "Mimi niko." Kijana wa watu alikifungua palepale akakitia kwenye begi, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa klabu yetu aliyefunga kioo. Tulilicheka jambo hilo kwa miaka. Leo silicheki.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, tena wa kununa. Alihubiri kofia ngumu kwa kila mtoto aliyemwona barabarani, hata wasio wetu, ilhali yeye aliivalia yake juu ya kofia ya sufu, ikamkalia kichwani upande kama sufuria. Alisema haogopi kitu, na nusu ya maneno hayo niliyaamini, lakini kila Septemba, ndege wale weusi kwa weupe wanapoanza kulinda viota vyao na kuwashambulia waendesha baiskeli, aliteremka, akaisukuma baiskeli yake huku ameinua mkono na kuwaomba radhi kwa Kifaransa. Hakuwaongelesha watu kwa heshima namna ile.

Na chai. Alituchemshia mwenyewe alfajiri, ya tangawizi, na aliwamiminia wote kabla hajajimiminia. Mara nyingi haikubaki. Ukimpa kikombe chako anakukasirikia, ukinywa bila kumpa anakutazama. Binti yake, anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani huko St Marys, aliniambia nyumbani ilikuwa vilevile: hakai mezani mpaka ahesabu vichwa, na wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza, "We're all here, Koko," yaani tuko wote, Babu, naye bado anahesabu.

Mara moja tu nilimuuliza kwa nini hapendi kukaa mbele, walau siku moja, aone mandhari badala ya migongo yetu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, tumetazamana na bwawa la Prospect.

"Nilikuwaka mbele mara moja," akasema. "Si kwa vélo. Kwa miguu, na batu ya kwetu. Mbele hauone mutu anaanguka."

Akainuka akaanza kukusanya vikombe, nami sikumchokonoa. Kila mtu katika klabu ile ana safari yake ambayo haulizwi, na mimi niliyekuja kwa ndege, na viza, na barua ya hospitali mkononi, sikuwa na haki ya kuuliza ya mwenzangu.

Mwaka jana, Februari, ndipo nilipoona dalili ya kwanza. Tulikuwa kumi na mmoja. Tukasimama kwenye makutano, mzee akafika, akatuhesabu kwa kidole, na asitamke neno. Akageuka akaitazama njia tuliyotoka.

"Moja hajafika," akasema.

Mwenyekiti akamwambia tumetoka kumi na mmoja na tuko kumi na mmoja. Mzee akakataa. Tukasimama juani karibu dakika ishirini, joto la Februari linatoka hata kwenye lami, tukimngoja mtu asiyekuwepo. Mwishowe nilimshika mkono nikamwambia kwa upole, Papa, huyo alirudi nyumbani. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa. Akasema "Bote," kwa sauti ndogo, tukaondoka.

Aprili ikawa kinyume. Alisema "Bote," neno likapanda, tukaenda zetu, na mbele huko tukagundua kwamba yule mwanafunzi tumemwacha anaziba pancha. Mzee alimpita. Alimpita kabisa, kijana amepiga magoti kando ya njia, akampungia mkono na kupita.

Katikati ya hayo mawili kulikuwa na mengine madogo. Chupa ya chai ilikuja tupu. Aliniita kwa jina la mwanamke nisiyemfahamu. Asubuhi moja alifika stesheni saa moja kabla ya wakati, na mlinzi wa maegesho akaniambia amemkuta akihesabu magari. Mimi nafanya kazi katika wodi ya wazee. Angekuwa mgonjwa wangu, ningeyaandika hayo yote kwenye faili kabla zamu haijaisha na ningewaita jamaa zake. Kwa kuwa alikuwa Papa, nilinyamaza.

Hatukunyamaza tu, tulifanya vibaya zaidi. Mei tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti, Bankstown, bila mzee. Sufuria ya pilau ilikuwa mezani, na ajenda ilikuwa moja.

"Guys, hii ni safety issue," mwenyekiti akaanza. "Lakini nani atamwambia? Mimi siwezi. Huyo mzee ni kama babangu."

Hakuna aliyeweza. Mama mmoja kutoka Uvira akasema ukimtoa nyuma utakuwa umemuua. Mwingine akasema tumwambie binti yake, na sote tukashtuka, maana kumsema mzee kwa mtoto wake ni kumvua nguo. Basi tukala njama. Mzee ataendelea kukaa nyuma, ataendelea kusema neno lake, na asijue lolote. Ila mtu mmoja atakaa mbele yake, wa pili kutoka mwisho, ahesabu kwelikweli. Ikiwa hesabu ya mzee imekosea, mtu huyo atalirekebisha neno kimyakimya kabla halijapanda. Mzee akichelewa kulisema, atalisema yeye.

"Sista ndiye anafaa," mwenyekiti akasema, akinitazama. "Ni muuguzi, tena mzee anamskia."

Nikakubali. Nilijiona hata nina roho nzuri. Tuliona tumemstahi mzee wetu kwa namna ambayo Wazungu hawangeiweza, wao wangemwandikia barua pepe. Tukala pilau, tukaagana kwa furaha.

Kwa wiki kadhaa mambo yakaenda. Nilihesabu, mzee akahesabu, na mara mbili nilibadilisha neno lake pasipo yeye kujua. Au nilidhani hajui. Siku moja tulipokuwa tunafunga baiskeli aliniuliza, "Dada, siku hizi unapenda kukaa karibu na mimi. Unaogopa nini?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha ikaja Julai na likizo za shule za majira ya baridi. Kila mwaka wakati huo tunafanya safari ya pamoja, ya taratibu, wazazi na watoto, kutoka Rooty Hill kufuata njia ya baiskeli iliyo kando ya barabara kuu mpaka Prospect, tukachome nyama na kurudi. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito. Nyasi zilikuwa zimeganda, na magari ya barabara kuu tuliyasikia tu, hatukuyaona. Baadhi ya watu walitaka tuahirishe. Mwenyekiti akasema watoto wameshavaa, na ukungu utaondoka saa tatu. Tulikuwa ishirini na wawili pamoja na Mzee wa Nyuma. Alifika na chupa yake ya chai, kofia yake upande, na simu aliiacha nyumbani kama kawaida yake. Simu, alisema, ni ya watu wa mbele.

Aliwapanga watoto mwenyewe. Akamuuliza kila mmoja kwa Kiswahili nani yuko nyuma yake, nao wakajibu kwa Kiingereza na kuonyeshana vidole. Alionekana mzima kabisa siku ile, na ndilo linaloniuma.

Tulikwenda. Taa nyekundu za baiskeli zilizo mbele yangu nilizihesabu mara kwa mara, ishirini, zikipotea ukunguni na kurudi. Nyuma yangu nilisikia kengele yake. Sikugeuka. Tulipita chini ya daraja, tukateremka kidogo, tukapanda, na mbele wakasimama mahali njia inapoikata barabara. Nikafika. Nikahesabu vichwa, ishirini, na mimi. Hesabu ya walio mbele ya mzee imetimia. Watoto walikuwa wanatetemeka, mmoja analia vidole. Nilingoja neno litoke nyuma. Halikutoka. Nikajiambia leo amechelewa tena kukumbuka, na kazi yangu ndiyo hiyo, kumsitiri. Kengele si nimeisikia sasa hivi? Basi nikainua sauti nikasema, "Wote!"

Neno likapanda. Tukavuka.

Tulifika kwenye mapumziko. Watu wakateremka, wakafikicha mikono, watoto wakakimbilia meza. Mtu akauliza chai iko wapi. Ndipo mwenyekiti akageuka.

"Mzee ako wapi?"

Watu wazima wote wakanitazama mimi. Nami, kwa mara ya kwanza siku ile, nikatazama nyuma.

Tulirudi watu watano tukiita. Ukungu haukuondoka saa tatu wala saa nne. Tulikwenda mpaka darajani, tukapita, tukafika karibu na stesheni, tukarudi. Sauti zetu zilimezwa na malori. Polisi wakaitwa. Aliyemwona ni yule mwanafunzi, karibu saa tano, ukungu ulipoanza kupasuka. Alikuwa chini ya tuta la nyasi, ameegemea nguzo ya uzio, suruali imelowa, mikono imejaa grisi. Baiskeli ilikuwa imelala karibu naye, mnyororo umetoka. Chupa ya chai ilikuwa wima kando yake, na kikombe juu ya kifuniko. Tulikuwa tumempita mara mbili. Kutoka pale mpaka mahali niliposimama nikasema neno, nilihesabu baadaye, ni hatua thelathini na nne.

Alikuwa hai, baridi imemwingia hata hawezi kusema, na nyonga imevunjika. Hospitalini waligundua na lile jingine, la kusahau, ambalo mimi nililijua.

Binti yake alikuja akiwa bado na sare ya kazi. Alinikuta kwenye korido. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Dada," akaniuliza, "mulijua?"

Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

"Februari."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. "Mimi naangalia wazee ya watu kila siku," akasema. "Mungeniambia." Kisha akaingia kwa baba yake na kufunga mlango. Nimekemewa na madaktari, na mameneja, na mama yangu mzazi, na hakuna aliyewahi kunikata kama yeye kwa neno lile moja.

Klabu haikufa. Siku hizi kila baiskeli ina kioo, na mwenyekiti ametia programu kwenye simu zetu inayoonyesha kila mtu alipo. Hakuna anayekaa nyuma kwa kazi hiyo, na hakuna anayesema neno. Mimi niliacha kwenda. Kwa mwaka mzima nilijitia kazi nyingi, nikaomba zamu za Jumamosi, nikikwepa kila aliyetaka kunieleza kwamba si kosa langu. Lilikuwa langu. Nilipewa kazi moja, nikaitazama hesabu yangu badala ya kumtazama mtu.

Julai ya mwaka huu binti yake alinitumia ujumbe mfupi. Alisema baba amedhoofika, na kama nataka kumwona nije mchana. Nilikwenda St Marys kwa treni. Alinifungulia, akanikaribisha kwa adabu, akanipeleka sebuleni na kurudi jikoni. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ametazama dirisha, kofia ya sufu kichwani. Alikuwa amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa.

"Shikamoo, Papa."

"Jambo, mama," akajibu kwa heshima anayopewa mgeni. Hakunitambua. Nilikaa. Nikaona aibu kwa namna nilivyofurahi kwamba hakunitambua.

Tulizungumza habari za baridi. Nje, ng'ambo ya barabara, ukungu ulikuwa haujaisha kwenye uwanja wa watoto. Alikuwa anautazama.

"Siku kama hii nilianguka," akasema ghafla. "Mnyororo ilitoka, nikaingia mu majani. Nilitaka kuita. Halafu nikasikia mama moja anasema bote."

Nikainama karibu naye.

"Ulimsikia?"

"Karibu sana. Sauti yake ninaijua, ni ile mama ya Kenya. Alisema bote. Mimi nikasema, bon, kama amesema bote, basi ni bote. Mwenye kuhesabu ni yeye sasa. Sikuita."

Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kumwambia ni mimi, Papa, nisamehe, na nikafungua mdomo, lakini yeye alikuwa bado hajamaliza, na uso wake ulikuwa umejikunja kwa wasiwasi ambao niliukumbuka, wa Februari, juani, tulipomngoja mtu asiyekuwepo. Akanishika mkono.

"Mama, nikuulize. Ile siku, ile mama ndiye alibaki wa mwisho. Mimi nilianguka. Nyuma yake hakukuwa mutu." Akanikazia macho. "Alifika?"

Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na vikombe, amesikia. Nilimtazama, naye akayashusha macho.

"Hapana, Papa," nikasema. "Hajafika."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye hesabu yake imethibitishwa. Akaniomba nimgeuzie kiti kielekee mlangoni. Nikamgeuza, nikavuta changu kando yake, tukakaa tukingoja.